Kiyoyozi Kinapozimika: Tuwalinde Wenzetu na Joto

Kaskazi ikishaingia sisi tuishio pwani hutokwa jasho hata tukiwa tumekaa kimya. Jijini Dar es Salaam, mwezi wa Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka sana chini ya 25. Mtu akitazama tarakimu hizo peke yake aweza kusema si kitu, maana zipo nchi ambazo hupita nyuzi 45. Lakini pwani yetu ina mvuke mwingi hewani, na huo mvuke ndio unaotutesa.

Familia nyingi sasa zina feni, na zenye uwezo zimefunga viyoyozi. Vyombo hivyo vyote vinategemea umeme. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao, na feni zikasimama saa zile zile zilizohitajiwa. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji ilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini nguzo bado huanguka, transfoma huungua, na kiyoyozi chenyewe huweza kuharibika siku ambayo fundi hapatikani. Basi katika ukurasa huu tungependa kueleza namna ya kuishi saa hizo, na hasa namna ya kumtambua aliye hatarini. Hatuandiki habari ya starehe. Joto huua, na mara nyingi humwua yule ambaye hakulalamika.

Mwili unavyojipoza

Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi 37 hivi, na hauna nafasi kubwa ya kupanda juu ya hapo. Joto likizidi, moyo husukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi, na ngozi hutoa jasho. Jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni kule kukauka kwake. Akina mama wanaofua wanalijua jambo hili bila kufundishwa: siku yenye mvuke mwingi nguo hushinda kambani na jioni bado zina unyevu. Siku kama hiyo jasho nalo halikauki mwilini. Linatiririka tu, linapoteza maji na chumvi, na mwili unabaki na joto lake.

Kwa hiyo, kazi ya feni ni kuondoa ile hewa yenye mvuke iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine, ili jasho likauke. Kipepeo cha ukindu hufanya kazi hiyo hiyo, ila kinahitaji mkono. Kiyoyozi hufanya zaidi: hupoza hewa na pia hutoa maji ndani yake, ndiyo maana hudondosha maji nje ya ukuta. Mtu aliyekizoea ofisini, ndani ya gari na chumbani, mwili wake husahau joto. Mwili huhitaji kama wiki 1 hadi 2 kulizoea joto tena, nao hupoteza mazoea hayo ukikaa kwenye baridi kwa majuma kadhaa. Hivyo kiyoyozi kikizimika ghafla, mwenye nyumba aweza kuumia kuliko mlinzi wake wa getini. Vivyo hivyo mgeni aliyewasili jana kutoka Njombe au Lushoto asipewe jembe saa saba mchana.

Nyumba iliyojengewa mashine

Wazee wa pwani walijenga kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, na mapaa ya makuti. Nyumba nyingi za sasa tunazijenga kana kwamba umeme hautakatika kamwe: bati, dari ya chini, na madirisha ya vioo ya kusukuma ambayo hata yakifunguliwa yote huacha wazi nusu tu ya nafasi. Hatusemi turudi kwenye makuti, maana moto nao tunaujua. Ila anayejenga mwaka huu afikirie dirisha linalofunguka lote, tundu za hewa juu ya ukuta, na baraza upande wa magharibi.

Kwa nyumba tuliyo nayo, jambo la kwanza ni kulizuia jua lisifike kwenye kioo. Pazia la ndani husaidia, lakini jua likishapita kioo joto limekwisha kuingia. Mkeka au jamvi lililotundikwa nje ya dirisha hufaa kuliko pazia zuri la ndani. Asubuhi tuukinge upande wa mashariki, na mchana upande wa magharibi. Madirisha yaliyo kivulini yaachwe wazi, na milango inayokabiliana ifunguliwe ili upepo upite. Jioni tufungue kila kitu, huku nyavu za mbu zikiwa mahali pake.

Wengi wamesikia habari ya kutundika shuka lililoloweshwa maji dirishani. Dodoma, ambako hewa ni kavu, shuka hilo hupoza chumba vizuri. Tanga, usiku usio na upepo, linaongeza mvuke tu. Huku pwani maji yanafaa zaidi yakiwa juu ya ngozi kuliko yakiwa dirishani. Tumpoze mtu, tusihangaike kuipoza nyumba. Kuoga mara 3 au 4 kwa siku, kitambaa chenye maji shingoni na mikononi, miguu ndani ya beseni la maji: haya hayana gharama, na hufanya kazi hata umeme usipokuwapo siku nzima. Jambo moja la kuangalia: maji ya tangi la plastiki lililo juu ya mnara huwa ya moto ifikapo saa tisa. Tuyachote alfajiri, tuyaweke ndani kwenye ndoo zenye mifuniko, na hapo mchana tutakuwa na maji ya kufaa.

Jikoni nako hutoa joto. Maharage yachemshwe alfajiri, na kama kuna nafasi uani, jiko la mkaa litoke nje. Jokofu lisifunguliwe ovyo. Likifungwa vizuri hutunza chakula kwa muda wa saa 4 hivi baada ya umeme kukatika, lakini samaki na nyama vikishapata joto tusivionee huruma.

Usiku ni mgumu zaidi, kwa sababu zege na matofali yaliyokunywa jua mchana kutwa huyatoa yale joto wakati tumelala. Chumba cha ghorofa ya juu kabisa chini ya bati kiachwe, familia ishuke chini, ilale sakafuni juu ya mkeka. Sakafu ya saruji ya chini huwa na ubaridi. Chandarua hupunguza upepo, hilo ni kweli, na wengi hukivua usiku wa joto. Tunasisitiza kisivuliwe, hasa kwa watoto na wajawazito. Kitanuliwe vizuri, kiinuliwe juu, kisimgandamie mtu, na kabla ya kulala mtu ajimwagie maji bila kujifuta sana.

Wenye jenereta tunawaomba sana: lisiwashwe ndani, wala kwenye veranda iliyozungukwa na ukuta, wala karibu na dirisha la chumba cha kulala. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala usingizi na haamki. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina sumu hiyo hiyo.

Maji ya kunywa

Mtu mzima anywe kikombe 1 kila saa wakati wa joto kali, asingoje kiu. Mkojo ni kipimo kizuri: ukiwa wa rangi hafifu, maji yanatosha; ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, hayatoshi. Bia haihesabiki, kwa kuwa hutoa maji mengi kwa njia ya mkojo. Dafu ni kinywaji kizuri, ila lina chumvi kidogo kuliko inayopotea kwa jasho, na mgonjwa wa figo asilinywe bila kumwuliza daktari wake. Aliyetokwa jasho jingi, kama fundi wa ujenzi au mbeba mizigo, afanyiwe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi hapo.

Watoto wachanga

Huku kwetu mtoto mchanga huvalishwa kofia ya sufu na kufunikwa blanketi hata mwezi wa Februari, kwa kuwa bibi anaogopa upepo. Tunaheshimu mapenzi ya bibi. Lakini mtoto hana uwezo wa kujifunua wala wa kusema anaungua. Siku ya joto kali nepi na kishati chepesi cha pamba vyatosha. Vipele vya joto, yaani harara, vinavyomtoka shingoni na kwapani ni ishara kwamba nguo zimezidi. Aogeshwe maji ya uvuguvugu, akaushwe vizuri kwenye mikunjo, na poda isipakwe nyingi.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji, hata wakati wa joto. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na mama ndiye anywe maji. Wazazi wakiona nepi inakaa muda mrefu bila kulowa, utosi umebonyea, au analia bila machozi, wasingoje kesho, waende kituo cha afya. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache wakati baba anaingia dukani. Gari juani hugeuka tanuri upesi mno.

Wazee wasiolalamika

Mwezi wa Julai 1995 mji wa Chicago, Marekani, ulipatwa na joto kali kwa siku chache, na watu zaidi ya 700 wakafa. Mwaka 2003, mwezi wa Agosti, Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 kwa sababu hiyo hiyo. Waliokufa wengi walikuwa wazee, na wengi wao waliishi peke yao. Huko Chicago wapo waliokutwa ndani ya vyumba vilivyofungwa madirisha, kwa kuogopa wezi. Miji ile ilikuwa na hospitali nyingi na magari ya wagonjwa. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga mlango.

Twaweza kudhani kwamba kwetu mzee haishi peke yake. Tutazame vizuri. Bibi aliyeletwa mjini kutoka kijijini hupewa chumba cha uani chenye dirisha dogo. Watoto wote huenda kazini saa kumi na mbili, na msichana wa kazi yuko na mtoto sebuleni. Mzee huyo hasikii kiu kama kijana, maana uzee hupunguza hisia ya kiu. Hataki kunywa maji mengi kwa sababu choo kiko mbali na magoti yanauma. Amevaa sweta kwa mazoea. Pengine anameza vidonge vya shinikizo la damu vile vinavyotoa maji mwilini. Ukimwuliza, "Bibi, hujambo?" atajibu hajambo, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kujibu.

Kwa hiyo, siku umeme umekatika, tusimwulize tu hali. Tumpelekee kikombe mkononi, tukae naye mpaka anywe, na baada ya saa 1 turudi na kingine. Tumhamishie kwenye chumba chenye upepo. Tuguse ngozi yake chini ya nguo. Tumwulize jambo la kujibu kwa akili, kama jina la mjukuu aliyekuja jana, na tusikilize majibu. Wanajumuiya wanaokaa jirani na mzee asiye na mtu wanaweza kugawana zamu, mmoja asubuhi na mwingine alasiri, siku zote za joto kali. Simu haitoshi. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa huweza kupokea simu na kuitikia vizuri.

Dawa za shinikizo zisiachwe bila ushauri, kwa maana kuziacha nako kuna hatari. Ila mwenye kuzitumia akiona kizunguzungu anaposimama, aende kupimwa. Mgonjwa wa moyo aliyeambiwa apunguze maji, amwulize daktari wake mapema anywe kiasi gani msimu huu.

Ni homa au ni joto?

Hapa ndipo penye makosa mengi. Mtu ana mwili wa moto, kichwa kinauma, anatapika: pwani jina la kwanza linalotamkwa ni malaria, na kitu cha kwanza kuletwa ni Panadol. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Siku nyingine si sahihi, na muda unapotea.

Katika homa, ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto la mwili. Ndiyo sababu mgonjwa wa malaria huhisi baridi, hutetemeka na kuomba blanketi, ilhali mwili unawaka. Panadol hufanya kazi kwenye uamuzi huo wa ubongo. Aliyezidiwa na joto la hewa hana uamuzi huo; ubongo wake unajitahidi kushusha, lakini njia za kutolea joto zimezibwa. Kwake Panadol haina kazi, wala aspirini, na huweza kumdhuru ini au kumtoa damu. Dawa yake ni maji na upepo.

Basi tufanye hivi. Mtu aliyechoka na joto huwa na jasho jingi, kiu, kizunguzungu, kichefuchefu, pengine misuli ya miguu inakaza, lakini akili yake ni timamu. Alazwe kivulini, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, apakwe maji na kupepewa, anywe kidogo kidogo. Katika nusu saa apaswa kuonekana nafuu. Asipopata nafuu, au akiendelea kuwa wa moto hata baada ya kupozwa, apelekwe kituoni na apimwe damu siku hiyo hiyo, maana joto na malaria huweza kumkuta mtu mmoja. Aliyepata nafuu asirudi juani siku hiyo.

Akili ikianza kuondoka, mambo yamebadilika. Mtu anayeongea maneno yasiyoeleweka, anayeyumba kama mlevi, anayepigana na wanaomsaidia, anayeshikwa na degedege au kuzimia, huku mwili unawaka, huyo huenda amepatwa na kiharusi cha joto. Si kile cha kupooza upande mmoja. Hapa joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo, figo na ini vinaharibika kwa dakika. Vitabu vya zamani vilisema ngozi yake lazima iwe kavu. Si lazima, wengine, hasa vijana waliokuwa wakifanya kazi, huwa wamelowa jasho.

Jambo la kwanza ni kumpoza pale pale, huku mwingine akitafuta gari. Avuliwe nguo, aibu isituzuie. Amwagiwe maji mwili mzima, ndoo baada ya ndoo, na watu 2 wampepee kwa kanga, kipande cha boksi au chochote kilichopo. Barafu ikipatikana kwa muuza samaki au jirani, ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa shingoni, kwapani na kwenye makutano ya mapaja. Asipewe kitu cha kunywa kama hajitambui, maana kitaingia mapafuni, alazwe ubavu. Ndani ya gari madirisha yafunguliwe, na kumwagia maji kuendelee mpaka mlangoni mwa hospitali. Kumfunika shuka kwa heshima wakati wa safari ni kumrudishia joto tuliloliondoa. Hospitalini waelezwe alikutwa wapi, saa ngapi, na alikuwa akifanya nini. Nao watapima malaria na mengine.

Insulini na umeme

Wenye kisukari wanaotumia insulini hupata wasiwasi jokofu likizimika. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8; inayotumika yaweza kukaa nje kwa majuma 4 hivi, mradi joto lisipite 25 au 30 kulingana na maelezo ya kwenye boksi. Mchana wa Februari chumba chetu hupita hapo. Tuchukue vyungu 2, kidogo ndani ya kikubwa, tujaze mchanga katikati na kuulowesha maji asubuhi na jioni. Insulini iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu kidogo, kifunikwe kwa kitambaa kibichi, na vyungu vikae kivulini penye upepo. Pwani hapatakuwa na ubaridi kama wa Dodoma, lakini patakuwa na nafuu kuliko juu ya kabati. Isigusane na barafu, maana insulini iliyoganda haifai tena. Ile ambayo huwa angavu kama maji ikionekana na ukungu au chembechembe, itupwe.

Umeme ukirudi tusikiwashe kiyoyozi hapo hapo. Tungoje dakika 5 hivi hadi umeme utulie, maana mashine nyingi huungua kwa umeme mdogo wa mwanzo. Chujio lake lisafishwe kila baada ya wiki 2 msimu huu. Lililojaa vumbi hufanya mashine ifanye kazi kubwa na kutoa baridi kidogo. Na tukikiwasha, tuanze na chumba cha mzee.